Akiki ya Baba

Kabla sijajua kusoma, nilijua kushika pete. Baba alikuwa akiivaa katika kidole cha mwisho cha mkono wa kulia: pete ya fedha iliyolika pembeni, na juu yake jiwe la akiki lenye wekundu wa kahawia unaofanana na tende mbivu. Ukilielekeza kwenye jua, lilikuwa likiwaka kwa ndani kama kaa lililofunikwa majivu. Juu ya jiwe palichongwa maneno mawili ya Kiarabu, Yaa Hafidh, yaani Ewe Mwenye Kuhifadhi. Kwa kuwa pete ilikuwa na jina la Mwenyezi Mungu, baba hakuingia nayo msalani hata siku moja. Alifika mlangoni, akaivua, akatazama huku na huku kutafuta wa kumshikia.

Nyumbani kwetu Tongoni tulikuwa watoto wawili, mimi na dada yangu aliyenizidi miaka mitatu, nasi tuliishindania kazi hiyo kama watu wanaoshindania urithi. Ilikuwa na masharti yake. Pete ishikwe kwa mkono wa kulia, kiganja kifumbwe, na mshikaji asicheze wala asikae chini mpaka mwenyewe atoke. Dada aliongeza sharti lake mwenyewe, kwamba mshikaji akisema neno jiwe litapoa, na mimi nilimwamini kwa miaka mingi. Alikuwa mjanja kuliko mimi. Alijifunza kuhesabu vikombe vya kahawa anavyokunywa baba barazani na wenzake. Kikifika cha nne, aliondoka mchezoni bila kuaga akaenda kusimama karibu na mlango wa uani. Nilipokuja kugundua siri hiyo, alikuwa karibu kuwekwa ndani kama mwari, na kazi ikawa yangu peke yangu, haina tena utamu.

Baba alituambia kuwa jiwe lile lilichimbwa Bara Hindi, likachongwa Khambat, likanunuliwa na Waarabu wa Sheheri, na mmoja wao ndiye aliyempa babu yake kwa ajili ya urafiki. Babu huyo alikuwa mtu wa kuandika barua nyingi, na pete ilikuwa muhuri wake. Ndiyo sababu herufi zake zilichongwa kinyume, zikitazama upande usio wao; zilinyooka pale tu zilipogandamizwa kwenye lakiri ya moto. Akiki, alisema baba, haishikwi na lakiri: hugandamizwa ikatoka safi, na kwa hiyo watawala na wafanyabiashara wa zamani waliipenda kuliko mawe yote. Kisha aliongeza, kwa sauti ya chini zaidi, kwamba wako wanavyuoni wanaosema pete ya Mtume ilikuwa na jiwe hilohilo, na kwamba mwenye kuivaa huku akisali hupata utulivu ambao mwenye lulu na almasi haupati.

Hatukuwa sisi peke yetu tuliokuwa na akiki. Kijiji chetu kimekaa karibu na makaburi ya kale yenye minara na msikiti uliobomoka, na mvua za masika zilipokuwa zikiosha udongo wa mahali pale, zilifukua shanga ndogo nyekundu zilizotobolewa katikati. Tulikwenda kuziokota asubuhi, tukazitia kwenye vifuu. Bibi mmoja jirani alizikuta vifuuni mwetu akatuamuru tuzirudishe zote, kwa kuwa, alisema, wenyewe walikuwa hawajamaliza kuzivaa. Tulizirudisha. Mpaka sasa ninapowafundisha watoto kwamba watu wa pwani hii walifanya biashara na nchi za mbali karne nyingi kabla ya meli za Ulaya, huwa sifikirii kwanza ramani ya ukutani bali zile shanga zikiwa zimelowa kiganjani.

Lakini heshima kubwa ya pete ya baba ilikuwa kwa wanawake. Iliaminika kwamba damu haimwagiki mbele ya akiki, kwamba wekundu huzuia wekundu. Mja mzito aliyekaribia siku zake aliletewa pete, ikafungwa kwa uzi kiunoni, na maji ilimochovywa akayanywa kidogo kidogo. Baba hakumnyima mtu. Nakumbuka wiki nzima ambazo kidole chake kilikuwa kitupu, chenye duara jeupe mahali pa pete, naye akikisugua kidole hicho bila kujijua. Pete iliporudi, ilirudi na sahani ya kitu kitamu iliyofunikwa kwa kitambaa, na habari kwamba mama na mtoto hawajambo. Kama ilipata kurudi na habari nyingine, sisi watoto hatukuambiwa.

Nilikwenda chuo cha ualimu nikiwa na imani hiyo yote, na huko mwalimu wetu wa elimu ya viumbe na mawe akatueleza kwamba akiki ni jamaa ya mchanga mweupe wa ufukweni, na kwamba wekundu wake ni kutu ya chuma tu. Huko Khambat, alisema, mawe hayo huanikwa juani, kisha hupikwa katika vyungu vya majivu mpaka yaive rangi. Nilifurahi siku ile kwa namna ambayo sasa inanitia haya kidogo. Tulikuwa vijana tulioamini kwamba nchi yetu inangoja watu wachache wenye kujua ili isimame, na mimi nilijihesabu miongoni mwao. Niliandika barua ndefu nyumbani, nikaeleza habari za kutu ya chuma. Baba alinijibu kwa mistari mitatu: alifurahi kusikia ninasoma kwa bidii, mbuzi amezaa, na Mungu naye anajua habari za kutu.

Alifariki kabla sijamaliza. Mama alinikabidhi pete siku ya arobaini, kwa kuwa mimi ndiye mwanamume, nami sikuwa na ujasiri wa kuikataa wala imani ya kuivaa. Nilipopangiwa kazi Maramba, niliitia katika sanduku la bati pamoja na chaki na madaftari, ikakaa humo.

Ilikuwa humo sandukuni wakati dada yangu, aliyeolewa Kigombe, alipojifungua mtoto wake wa kwanza. Mtoto hakulia, na dada mwenyewe alitokwa na damu siku mbili mpaka wakamkatia tamaa, ndipo akapona. Habari zilinifikia Maramba mambo yote yakiwa yamekwisha. Mama hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliniuliza tu, nilipokwenda kuwapa pole, kama pete iko salama.

Dada alipopata mimba ya pili, mimi nilikuwa nimeshaamua jambo moja: atajifungulia hospitali ya Tanga mjini. Niliandika barua nne, kila moja ndefu kuliko iliyotangulia. Shemeji yangu, aliyekuwa mpima uzito katika shamba la katani, aliniunga mkono lakini alisema neno ni la mama. Mama, ambaye alikuwa amehamia Kigombe kumwangalia dada, alikuwa akiiogopa hospitali; alikuwa amesikia kwamba huko mwanamke hulazwa peke yake miongoni mwa watu asiowajua, hana ndugu wa kumshika mkono. Mwishowe akatuma jibu, lililoandikwa na shemeji: njoo na pete ya baba yako, binti yangu akiwa nayo mwilini, nitakubali aende hata hospitali, asipokuwa nayo, hatoki humu ndani.

Nilisoma maneno hayo nikaona kuwa nimeshinda. Kama jiwe la kutu ndilo lingempeleka dada yangu mbele ya daktari, basi na liende likafanye kazi hiyo. Nilifungua sanduku, nikaipangusa vumbi la chaki, nikaivaa kwa mara ya kwanza maishani. Kidole cha mwisho hakikuijaza. Nikaihamishia cha karibu yake.

Nilifika Tanga karibu na adhuhuri, na basi la Pangani, linalopita Kigombe, lilikuwa halijajaa. Utingo aliniambia ninayo nafasi ya kusali. Nikaenda msikiti wa karibu na stendi, na kabla ya kutawadha nikataka kuingia msalani. Mkono wangu ulikuwa umeshika komeo la mlango nilipohisi pete kidoleni. Sikufikiri lolote, wala la chuoni wala la barua zangu. Nilirudi nyuma hatua moja, nikaivua, nikatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu wa kunishikia. Ukutani palikuwa na kishubaka cha kuwekea taa. Nikaiweka humo, ndani kabisa, nikaingia.

Nilipotoka, iqama ilikuwa ikisomwa. Nilitawadha kwa haraka, nikaunga safu katika rakaa ya kwanza. Tulipotoa salamu, honi ya basi ilikuwa ikilia, na utingo akiwaita abiria wa Pangani. Nilichukua viatu mkononi nikakimbia. Basi lilikuwa limekaribia Tongoni, na mimi ninatazama njia ya kwenda nyumbani kwetu, nilipotaka kusugua jiwe kwa kidole gumba kama alivyokuwa akifanya baba, nikakuta nyama tupu.

Sitaeleza sana jinsi nilivyorudi mjini, juu ya lori la katani, nimekaa juu ya marobota. Kishubaka kilikuwa kitupu. Mwadhini, mzee mpole mwenye jicho moja bovu, alitafuta pamoja nami kila mahali, hata ndani ya birika, na baada ya sala ya alasiri aliwatangazia watu. Hakuna aliyeiona. Watu waliinamisha vichwa kwa huruma, wakaenda zao. Sijaiona tena pete hiyo mpaka hivi leo.

Nilichokuwa nacho kichwani si pete. Nilimwona dada yangu juu ya kitanda chake Kigombe, siku zake zimekaribia, na mama amesimama mlangoni akisema hatoki.

Katika barabara ya maduka palikuwa na sonara, Mhindi wa makamo aliyemjua baba kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiisafisha pete ile kila Ramadhani. Nilimweleza yote. Alisikiliza huku akipuliza vumbi la fedha mezani kwake, kisha akatoa kijaluba chenye akiki za Khambat, akachagua moja, akailaza juu ya karatasi nyeupe.

"Rangi hii hii, mwalimu. Ndugu yangu anachonga kwa gurudumu, kesho asubuhi iko tayari. Fedha nitaipaka moshi, iwe nzee."

Nikamwambia ni uwongo.

"Wewe mwenyewe ulimwandikia baba yako mawe yote ni kutu. Aliniletea barua nimsomee tena, alikuwa anacheka sana. Sasa kutu hii na kutu ile kuna tofauti gani?"

Swali hilo liliniuma. Kwa hesabu zangu mwenyewe nilizozipigania kwa wino mwingi, mawe yale mawili yalikuwa sawa, na mojawapo lilikuwa na uwezo wa kumpeleka dada yangu hospitali. Nilimwandikia herufi zile kinyume, kama nilivyozikumbuka. Nikalala kwa shangazi yangu Ngamiani bila kumwambia kilichonileta mjini, na asubuhi nikaichukua pete. Ilifanana kiasi cha kunitisha. Njia nzima ya Kigombe nilijisomea hoja zangu kama mtu anayejiandaa kwa mtihani: maisha ya watu wawili ni mazito kuliko neno moja la kweli, mama hatadhurika kwa asilolijua, siku moja, mtoto akishakua, nitamwambia.

Niliwakuta wote wawili chumbani. Dada alikuwa amelala ubavu juu ya kitanda cha kamba, tumbo mbele yake, akijipepea kwa kipepeo cha ukindu. Nilimwamkia mama shikamoo, akaitikia, na macho yake yalikuwa mkononi mwangu. Nikaivua pete nikampa. Aliipokea kwa viganja viwili, akaibusu, akaipitisha usoni, paji la uso kisha mashavu. Halafu akaisogeza karibu na mdomo akaanza kuisemesha. Aliiambia, taratibu, kwamba binti yake ni huyu hapa, kwamba mara ile haikuwepo na si kosa lake, kwamba mwenyewe angekuwa hai angeileta kwa miguu yake.

"Mama," nikasema, "hiyo si pete ya baba."

Hakuinua macho. "Ni nini basi?"

"Ni ya sonara. Ya baba imenipotea jana, mjini. Niliiacha msikitini."

Kipepeo cha dada kilisimama. Mama aliiweka ile pete juu ya mkeka, polepole, kama kitu chenye moto.

"Imekupotea vipi, na ilikuwa kidoleni?"

"Niliivua. Nikaiweka kwenye kishubaka, kisha nikaisahau."

"Uliivua kwa nini?"

Nilidhani swali lile ni la kunisuta, nikalijibu kwa haya. "Nilikuwa naingia msalani, mama."

Sasa alinitazama. "Wewe?"

"Mimi."

"Wewe uliyetuandikia kuwa lile ni jiwe kama mawe mengine?"

"Jiwe ni jiwe. Lakini lina jina la Mungu, ningeingiaje nalo?"

Aliyedakia ni dada, kwa sauti dhaifu yenye mzaha wake uleule wa zamani.

"Hukuwa na wa kukushikia, maskini. Mwalimu mzima, mshahara unapokea, kazi ya mtoto wa miaka sita imekushinda."

Alicheka mpaka akalishika tumbo, na mama akamkemea asicheke hivyo katika hali ile, naye mwenyewe amejifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Mimi sikucheka. Nilikuwa nangoja hukumu.

Mama aliniuliza kama nilijua kwamba ningenyamaza asingetambua. Nikasema najua. Akaniuliza kama nilijua kwamba binti yake angekwenda hospitali, kama ninavyotaka. Nikasema hilo pia nilijua. Akataka kujua, basi, nimesema kwa nini. Hoja zangu zote za njiani zilikuwa za kunyamaza. Za kusema sikuwa nimeandaa hata moja. Nilimwambia tu kwamba sikuweza kumwacha alisemeshe jiwe lile.

Alivuta uzi uliochomoza katika mkeka. Kisha akasema maneno ambayo nayaandika hapa kama alivyoyasema, kwa kuwa nimeyarudia moyoni mara nyingi.

"Tangu ulipotuletea barua ile ya kutu, nimekuwa nikijiuliza ni mtoto wa nani atakayerudi. Barua zako za hospitali nilizikataa kwa sababu sikumjua anayeziandika. Mtu anayetupa kila kitu chetu, nitajuaje kama hamtupi na binti yangu? Sasa nimemjua. Bado unavua pete mlangoni, na uwongo huuwezi. Basi nitakuamini na la daktari."

Akainuka, akajifunga kanga upya, akauliza basi la mjini linarudi saa ngapi. Wangekaa kwa shangazi Ngamiani mpaka siku zitimie. Lakini yeye angekwenda pamoja na binti yake, na mlangoni pa hospitali haondoki. Hilo nikawaambie madaktari mapema.

Pete ya sonara niliirudisha siku hiyohiyo. Aliigeuza geuza, akasema imekuwa kazi nzuri iliyopotea bure, akaitia kijalubani.

Siku zilitimia wiki tatu baadaye, wakati wa likizo yangu. Uchungu ulianza alfajiri, na jua lilipokuwa juu ya paa la hospitali dada alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na damu ilikuwa ikitoka kama mara ya kwanza. Tuliona tu watu wakiingia na kutoka: daktari akikunja mikono ya shati, muuguzi akibeba chupa ya maji ya kutia mshipani, mwingine akiwa na beseni lililofunikwa. Mama alikaa kwenye benchi, akizivuta tasbihi. Hakunitazama hata mara moja, nami nilimshukuru kwa hilo, kwa kuwa endapo mlango ule ungefunguliwa kwa habari mbaya, ni neno langu lililomleta dada yangu hapo. Nilijua kuwa maarifa yangu hayakuniondolea hofu hata chembe. Nilisali kama alivyosali baba, kwa jina lilelile la Mwenye Kuhifadhi.

Mlango ulifunguliwa na muuguzi kijana, Mshambaa wa milimani, Mkristo mwenye msalaba mdogo shingoni. Alimwamkia mama shikamoo kwanza, ndipo akasema damu imekatika; mgonjwa amechoka lakini anaomba chai. Mama alimshika mikono yote miwili akaibusu, na yule binti, asiyezoea mambo hayo, akabaki ameinamisha kichwa.

Mama aliuliza kama mtoto ameadhiniwa. Muuguzi hakufahamu. Mama akamweleza kwamba kwetu neno la kwanza kuingia sikioni mwa mtoto ni la wito wa sala, na anayelisema ni baba yake. Lakini baba yake yuko katika mizani ya katani, habari hazijamfikia, na mjomba ndiye huyu. Muuguzi alisema saa za kutazama wagonjwa bado. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akasema niingie, lakini nisiwaamshe wengine.

Nilimkuta dada amefumba macho, uso wake wa majivu, mkono mmoja juu ya kichwa cha mtoto. Nikainama katika sikio la kulia la yule mpwa wangu, sikio dogo lililokunjamana, nikaadhini kwa sauti ya chini kabisa, maneno yote, bila kuruka. Wanawake wawili wa vitanda vya jirani walikuwa macho, wakanyamaza. Muuguzi alisimama karibu na mlango akiwa na sahani ya dawa mikononi, akangoja mpaka nilipomaliza.